Mama kaacha dawa za presha, anasema kapona

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu tuko nae hapa Majengo Moshi, presha ilikua 170/100, akatumia dawa ikashuka, sasa kaacha anakunywa maji ya kitunguu saumu tu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, sio sawa, na naomba umwambie leo leo. Presha ilishuka kwa sababu ya dawa, akiacha inapanda tena na mara nyingi haina dalili yoyote, mtu anaenda sokoni Mbuyuni anarudi anacheka kumbe mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia kimya kimya mpaka siku anapata stroku. Kwa takwimu za WHO karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kama wanayo, sasa nyie mmeshajua, msiipoteze hiyo bahati. Kitunguu ale kwenye mboga, hakichukui nafasi ya dawa. Chumvi kwa siku isizidi gramu 5, yani kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ya kwenye mtori na ya supu imo, ile ya kuongeza mezani aache kabisa. Mpeleke kliniki wampime upya, kama dawa zinamsumbua aseme, zinabadilishwa.