Maswali ya Wasomaji: Je, Bar 1 ya Turbo Huzidisha Nguvu Mara Mbili?

SWALI: Gari langu la petroli lina injini ya lita 1.8 isiyo na turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini), yenye nguvu farasi 130 na kompresheni, yaani kiwango cha kushindilia hewa kwenye silinda, ya 11 kwa 1. Fundi mmoja ameniambia kwamba nikifunga turbo inayosukuma bar 1 nitafikisha nguvu farasi 260, kwa kuwa hewa itaingia mara mbili. Mwingine anasisitiza kwamba sharti kwanza nishushe kompresheni, nami naona huko ni kuipunguza nguvu ileile ninayoitafuta. Nimsikilize yupi?

JIBU: Msikilize wa pili, kwani wa kwanza amehesabu shinikizo akasahau joto. Ni kweli kwamba geji ya turbo husoma shinikizo lililozidi lile la anga, ambalo kwenye usawa wa bahari ni takribani bar 1, hivyo geji ikionyesha 1, ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, mna bar 2. Lakini nguvu hutokana na uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, na hewa ikishindiliwa hupata moto na kutaka kutanuka. Tuseme inaingia kwenye turbo ikiwa na nyuzijoto 25, na ufanisi wa kishindilizi, sehemu ya turbo inayobana hewa, ni asilimia 70: itatoka na nyuzi zinazokaribia 120, na uzito wake kwa kila lita utakuwa umeongezeka kwa nusu tu hivi. Intakula, yaani radieta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, ikiipoza hadi nyuzi 50, ongezeko hilo hupanda kupita asilimia 80, ukiacha shinikizo kidogo linalopotea kwenye mabomba. Kwa hiyo mara mbili haipatikani hata mambo yote yakienda sawa, na kwa injini yako hayataenda sawa.

Kompresheni ya 11 kwa 1 maana yake ni kwamba nafasi iliyo juu ya pistoni inapokuwa chini kabisa ni mara 11 ya ile inayobaki ikifika juu. Hewa ambayo turbo imekwisha kuishindilia hushindiliwa tena humo, joto likazidi, na petroli iliyo mbali na plagi ikajilipua kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini hugonga kwa sauti ya kokoto ndani ya debe, na kugonga huko kukiendelea, kingo nyembamba zinazotenganisha ringi za pistoni humeguka. Kompyuta ya injini inaweza kujiokoa kwa kuchelewesha cheche, ila kila inapochelewesha, sehemu ya nguvu uliyoinunua hupotea.

Hofu yako ya kushusha kompresheni ni kubwa kuliko hasara yenyewe. Katika hesabu ya kinadharia, kutoka 11 hadi 9 hupunguza ufanisi kwa takribani asilimia 5, ilhali turbo hurudisha mara kadhaa ya hizo. Utakayoyahisi ni gari kuwa zito kuondoka turbo ikiwa bado haijaamka, na petroli kutumika zaidi katika mwendo wa kawaida.

Waliojaribu kukwepa kushusha kompresheni wapo. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilitoka kiwandani na turbo kwenye kompresheni ya 10.25 kwa 1, ikilazimika kunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli ili isigonge. Wenye magari wengi hawakuwa wakijaza tangi la mchanganyiko huo, na gari hilo halikuuzwa zaidi ya mwaka 1963. Injini za leo zinazofikia 10 kwa 1 pamoja na turbo husaidiwa hasa na petroli kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ambamo huipoza hewa. Ukiamua kubaki na 11, mimi nisingevuka bar 0.4, tena kwa petroli ya okteni ya juu (isiyojilipua upesi), intakula, na kompyuta iliyopangwa upya.

SWALI: Mbona dizeli ina kompresheni ya 17 kwa 1, ina turbo, na haileti matatizo hayo?

JIBU: Kwa sababu pistoni ya dizeli hushindilia hewa tupu. Mafuta hupulizwa mwishoni, hivyo hakuna kitu cha kulipuka mapema, na joto ambalo petroli hulikimbia ndilo linalohitajika kuyawasha. Mpaka wake uko kwingine: shinikizo ambalo gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kifuniko cha silinda) na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zinaweza kustahimili, na joto la moshi, ambalo hupanda upesi mtu anapoongeza mafuta bila kuongeza hewa.