Mdogo wangu kahukumiwa kunyongwa: tukate rufaa au tusubiri msamaha?

SWALI: Wiki mbili zilizopita Mahakama Kuu hapa Dodoma ilimhukumu mdogo wangu kunyongwa. Ugomvi ulianzia kilabuni, marehemu ndiye aliyeanza kurusha chupa. Jamaa anayejiita wakili anatuambia tusihangaike na rufaa kwani siku hizi hawanyongi mtu. Tumpe milioni mbili afuatilie msamaha Ikulu. Mama haachi kuuliza jaji aliona nini kwa mwanawe hata akachagua afe. (Dada, Mpwapwa)

JIBU: Pole sana, dada. Hiyo milioni mbili msitoe. Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na kwenu zimeshapita 14. Mdogo wako amwone mkuu wa gereza leo. Mfungwa hupitishia notisi yake huko huko, na kesi kama hii mahakama humpangia wakili anayelipwa na serikali.

Mwambie mama jaji hakuchagua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii nafasi: mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, isipokuwa mjamzito. Ndiyo maana rufaa yenu isiombe huruma, ihoji nia ovu, yaani kama kweli alikusudia kuua. Majaji wa Rufani wakiona ugomvi ulizuka ghafla, kosa linaweza kushuka likawa kuua bila kukusudia, na hapo adhabu inapimwa. Nani alianza, chupa ilirushwa lini, nani alishuhudia: wakili ayatafute yote kwenye mwenendo wa kesi, neno kwa neno.

Sasa hilo la “siku hizi hawanyongi”. Nalisikia kila mara na linanichoma. Kweli, Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, na hayati Magufuli alitamka mwaka 2017 kwamba hawezi kutia saini. Lakini waliosita ni marais. Sheria iko palepale, na rais wa kesho hafungwi na kusita kwa aliyemtangulia. Wanaosubiri kunyongwa pale gereza la Isanga wanalijua hilo kila usiku.

Hapa hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, kisha ikaibakiza kwa maslahi ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ikasema kumfunga jaji mikono namna hii kunakiuka haki ya kuishi. Mimi nimekaa na familia za waliouawa pia, siwezi kuyapuuza machozi yao. Bado nasema si haki dola kumuua mtu aliye tayari mikononi mwake, kwa hukumu ambayo shahidi mmoja mwongo anatosha kuipotosha.

Msamaha wa Rais upo, ibara ya 45 ya Katiba, wala hauuzwi. Yeyote anayewatajia bei yake ni kishoka, wakili wa bandia. Kabla hamjampa mtu hata nauli, tafuteni jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Nimeona watu wakiuza ng'ombe na shamba la zabibu, kishoka akabadilisha laini ya simu, na siku 30 zikaisha. Baada ya hapo ni kuomba kuongezewa muda, na lazima mweleze kwa nini mlichelewa. Nimewahi kusimama mbele ya jaji nikiwa na sababu moja tu mkononi: waliambiwa hawanyongi.