Siku 4 Usambara kwa baiskeli: hesabuni milima, sahauni kilomita

Mkuu, umeuliza kama nyinyi watatu mnaweza kwenda Mombo–Lushoto–Mtae na kurudi kwa siku 4, kwa kuwa Tanga mjini hadi Pangani mnakwenda bila shida. Kufika Mtae mtafika. Kurudi kwa kupiga pedali ndani ya siku hizo hizo, hapana, labda muwe mnafukuzwa.

Njia ya Pangani haina mlima wa maana, kwa hiyo mnapima safari kwa kilomita. Usambara hesabu hiyo haifanyi kazi. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, tena lami tupu, lakini mnatoka kwenye joto la bondeni, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, mnakwenda kulala kwenye mita 1,400 hivi. Hiyo ni siku nzima, na msione aibu ikiwa siku nzima.

Msianze kuendesha kutoka Tanga. Kipande cha Segera hadi Mombo ni barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, mabasi yanapita kama yamechelewa harusi. Pakieni baiskeli kwenye basi. Vueni gurudumu la mbele, lifungeni kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu, na ilazeni upande wa cheni ukiwa juu ili gia isikandamizwe. Patana na konda nauli ya baiskeli kabla haijaingia kwenye buti. Ikishaingia, bei ni ya kwake.

Laleni Mombo, muanze alfajiri kabla jua halijachoma. Ile barabara ya kupanda ilichongwa enzi za Mjerumani. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na huko juu walikuwa na mji wao, Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Mwinuko wenyewe si mkali sana, ila hauishi. Wekeni gia nyepesi, kaeni kitini, na msishindane na mtu. Cha kuogopa ni fuso zilizojaa kabichi na viazi zinazoshuka kwenye kona. Mkisikia honi mbele, sogeeni kushoto kabisa hata kama ni kusimama. Mkifika Soni, mji mdogo wa njiani, mtaona maporomoko ya maji mkiwa barabarani. Hapo ndipo pa kula, msingoje Lushoto.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawaulizi: kushuka. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoharibu safari. Mwenzetu mmoja alikuwa na breki za raba na alikuwa amezishikilia mfululizo kwenye mteremko mrefu. Rimu ilipata moto mpaka kiraka cha tyubu kikaachia, tairi ikalala kwenye kona. Bahati alikuwa ameshapunguza mwendo. Breki hubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, mbele na nyuma kwa zamu, na mnasimama kupumzisha mikono kabla vidole havijakufa ganzi. Bebeni raba au pedi za akiba na waya mmoja wa breki na mmoja wa gia. Mafundi wa huko juu ni hodari kwa Phoenix, zile baiskeli za kawaida zisizo na gia, ila ukiwapelekea ya gia wengi wao watakuangalia tu. Tyubu za inchi 26 si shida kupata, za inchi 29 njooni nazo wenyewe.

Siku ya pili pumzisheni miguu kwa njia fupi ya Irente. Pale kwenye ukingo wa mwamba unaiona tambarare yote chini, na shamba la Irente wanauza jibini na mkate wao. Siku ya tatu pandeni Magamba. Msitu ule una ukungu wa asubuhi na mbega juu ya miti, na ni hifadhi, kwa hiyo mkitaka kuchepukia njia za ndani piteni kwanza ofisini kwao mlipe. Kisha endeleeni hadi Lukozi au Rangwi mlale huko. Siku ya nne mnamalizia Mtae kupitia Sunga, panda-shuka mwanzo mwisho.

Muda mzuri ni Juni hadi Septemba. Masika msijaribu. Ule udongo mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu haligeuki, na mnabaki mnauchokonoa kwa kijiti kila baada ya hatua ishirini. Kama baiskeli zina madigadi, yavueni kabisa. Julai pia bebeni sweta nzito, watu wa pwani tunadharau baridi ya Lushoto mpaka usiku uingie.

Mabasi ya kutoka Mtae huondoka usiku wa manane au alfajiri sana, ulizieni jioni mkifika na muongee na konda hapo hapo. Ipo pia njia ya kushuka Mnazi, upande wa Mkomazi. Ni kali na mawe yamelegea, kwa hiyo kama si breki za diski, acheni.

Kuhusu hema uliyouliza, iacheni nyumbani. Gesti zipo Lushoto na Mtae, na uzito wa hema mtaujutia kabla ya Soni.