Simbilisi wetu hataki kutembea

SWALI: Shikamoo daktari. Watoto wangu wanafuga simbilisi wawili. Tunawapa peleti za sungura, karoti, na posho (ugali) ikibaki. Sasa yule jike manyoya yamemsimama, anaburuta miguu ya nyuma, na ukimshika analia. Jirani anasema ni baridi ya ziwa. Tuwape chakula gani? – Mama wa Walukuba, Jinja

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie jirani aliache ziwa. Ninachoshuku mimi ni upungufu wa vitamini C, unaovimbisha viungo na kutoa damu kwenye fizi. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kuitengeneza vitamini hiyo. Sungura anajitengenezea mwenyewe, kwa hiyo peleti zake haziwekwi vitamini hiyo. Lakini mguu uliovunjika nao huonekana hivyohivyo, basi mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usingoje Jumatatu. Akikataa kula kabisa, hiyo ni dharura: utumbo wake husimama haraka.

Sasa chakula. Simbilisi ni mla nyasi, na nyasi zisikosekane kizimbani usiku na mchana. Meno yake hayaachi kukua maisha yote. Kinachoyasaga ni kule kutafuna. Hapo Jinja majani ya tembo mnayo tele, na majani ya viazi vitamu wanayapenda mno. Msikate kando ya barabara wala shamba lililopigwa dawa. Nyingine zianikeni kivulini za akiba, ila zikiota ukungu, tupeni.

Mzima anahitaji miligramu 10 hivi za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mgonjwa au mwenye mimba, hadi 30. Kipande cha pilipili hoho kila siku kinatosha kwa aliye mzima. Mapera yamejaa vitamini hiyo kuliko machungwa, lakini yana sukari: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili tatu kwa wiki. Sukuma wiki, jani moja moja. Dodo (mchicha) iwe ya nadra, maana huchangia mawe kwenye kibofu. Huyo mgonjwa, daktari atampimia dozi yake; msimtilie vitamini kwenye maji ya kunywa, huharibika upesi na hamtajua amepata kiasi gani.

Ovakado, vitunguu, viazi mbatata na majani ya nyanya, hapana. Posho pia hapana, hata watoto wakibembeleza! Wanga mwingi huvuruga tumbo lake.

Badilisheni polepole, kwa wiki moja hivi, lakini hoho anzeni nayo leo. Na watoto wakija mbio kukuambia simbilisi anakula kinyesi chake, wasimzuie. Ni kawaida yake, na humo hupata vitamini B.