Baka kubwa la kuzaliwa: tumia vidole, si macho peke yake

SWALI: Mwanangu ana miezi 3. Alizaliwa na baka jeusi mgongoni, lina nywele, na siku ile lilikuwa na upana wa sentimita 12. Ana vidoa vingine kama 25 tumboni na mapajani. Nimeambiwa litageuka saratani, niliondoe lote mapema. Ni kweli?

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama. Watoto wengi wenye baka kama hilo hawapati saratani kamwe. Ila kuliangalia ni lazima.

Baka hukua pamoja na mwili, kwa hiyo tunalipima kwa ukubwa litakaofikia utu uzima. La mgongoni huzidishwa kwa 2.8 (la kichwani 1.7, la mguuni 3.3). La mwanao litafika karibu sentimita 34. Likizidi 20 tunaliita kubwa. Kwa mabaka madogo na ya kati, hatari ya melanoma, saratani ya seli za rangi, haifiki mtu 1 kati ya 100 maisha yote. Kwa makubwa ni 2 hadi 5, na mara nyingi hutokea kabla ya kubalehe. Wastani huo hauwagusi wote sawasawa: mzigo umewaelemea zaidi wenye baka linalopita 40, vidoa vingi, na seli za rangi kwenye ubongo.

Ndiyo maana vidoa 25 vinanishughulisha kuliko baka lenyewe. Vyenyewe ni nadra mno kugeuka, lakini vikiwa vingi, uwezekano wa seli hizo kuwa zimefika kwenye ubongo au uti wa mgongo unaongezeka. Kipimo chake ni MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na kinafaa kabla ya miezi 6, kwani mayelini, ala inayofunika neva, ikishakomaa huficha alama za melanini, yaani rangi ya seli hizo, pichani. Degedege, kutapika mfululizo au utosi kuvimba: hospitali siku hiyohiyo.

Sasa vidole. Kwenye baka dogo melanoma huanzia juu, rangi ikabadilika ukaiona. Kwenye kubwa inaweza kuanzia chini kabisa ya ngozi, na juu pakabaki vilevile. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga na kupakwa mafuta, pitisha ncha za vidole vitatu baka zima ukibonyeza taratibu, kisha makwapani na kwenye kinena kutafuta mitoki. Unatafuta kinundu kigumu kinachokua ndani ya wiki chache, au kidonda kinachotoa damu bila kukwaruzwa na hakiponi. Piga picha pia, rula ikiwa kando, mwanga uleule. Baka kufifia au kuota nywele zaidi ni kawaida.

Ukikuta kinundu usikate tamaa: vingi kwa watoto wachanga si saratani, ila chini ya hadubini vinaweza kufanana nayo. Kinyama kinachokatwa kisomwe na mtaalamu aliyezoea mabaka ya watoto.

Kuhusu kuondoa lote: chanzo ni hitilafu ya jeni, mara nyingi NRAS, iliyotokea mtoto akiwa tumboni. Haikurithiwa, wala si kitu ulichokula. Seli zake hushuka hadi kwenye mafuta, pengine msuli, na kisu hakizimalizi. Upasuaji wa awamu, au wa kuvuta ngozi kwa puto linalojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, una faida kwa mwonekano, muwasho na ngozi inayochubuka ovyo. Sababu hizo naziheshimu. Hofu ya saratani peke yake haitoshi. Leza na kukwangua vina kasoro kubwa zaidi: hufifisha juu na kuacha za chini, na kovu likafanya vidole vipate shida kutambua kinundu.

Kwenye jua avae nguo inayofunika mgongo. Na kliniki anza na ombi la MRI. Upasuaji unaweza kungoja, miezi 6 haingoji.