Kabla hujaiita kosa: alama kwenye sarafu za zamani za Afrika Mashariki

Wewe unayeanza kukusanya sarafu, ukiona alama ya ajabu usikimbilie kuuliza bei. Jiulize kwanza iliingia lini: sarafu ilipokuwa ikifuliwa kiwandani, au baadaye, mikononi mwa watu?

Chukua senti 10 ya kikoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati. Tundu lilitobolewa kipande kikiwa kitupu, ndipo kikapigwa chapa. Ndiyo maana tundu la asili limezungukwa na kiduara kilichotuna, kilichochakaa sambamba na maandishi. Tundu la pili pembeni, lililokata herufi na kuacha kingo kali, ni la mtu aliyetaka kuivaa shingoni. Isiyo na tundu kabisa ni kosa la kiwandani kweli, ila ikague kwa lenzi pande zote mbili. Wapo wanaoziba tundu na kusugua, na mstari wa mviringo hubaki.

Mistari ndiyo inayowachanganya wengi. Muhuri wa chuma unaopiga chapa sarafu ukipata ufa, madini ya sarafu huingia kwenye ufa huo, hivyo mstari hutuna. Mkwaruzo huchimbika. Weka taa pembeni, izungushe sarafu taratibu, na kivuli kitakuonyesha ni upi. Tafadhali usiisafishe kwa ndimu wala majivu ili uone vizuri. Utaufuta ushahidi wenyewe na thamani pia.

Herufi ndogo H, KN au SA si kosa. Ni alama za viwanda: Heaton wa Birmingham, King's Norton, na Pretoria.

Sarafu ninazozipenda kuliko zote ni za Tabora, 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, meli hazifiki, wakajifulia sarafu za heller 20 (heller ilikuwa senti yao) kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, zenye T chini ya mwaka. Mihuri ilichongwa hapo hapo kwa haraka, kwa hiyo nyufa na chapa hafifu ni jambo la kawaida kwa sarafu hizo. Asikuuzie mtu ufa wa Tabora kama muujiza. Tazama taji: kubwa au dogo? Kisha sogeza lenzi kwenye L mbili za neno HELLER: ncha zimejikunja au zimechongoka? Tofauti hizo zinatambulisha muhuri uliotumika, na ndizo ninazozilipia zaidi. Kwa ufa siongezi hata shilingi.