Chembechembe kwenye Muscadet: usimwage, usichuje

SWALI: Nimeletewa zawadi ya Muscadet, waini nyeupe ya Ufaransa, imekaa friji wiki nzima, sasa naona chini ya chupa kuna vitu vinang'aa kama sukari na vingine vimeganda kwenye kizibo. Jamaa mmoja anayejua mambo ya waini kaniambia imetiwa sukari na kemikali, niichuje na kitambaa halafu niipashe moto kidogo, la sivyo nimwage. Nifanyeje? Na inaendana na chakula gani?

JIBU: Dada, usimwage, na huyo wa kupasha waini moto achana naye kabisa. Swali hili naletewa kila mara na kila mara kuna "mjuaji" nyuma yake.

Hiyo sio sukari. Sukari ndani ya waini inayeyuka, haikai chini ikang'aa, tena Muscadet ni kavu, sukari ya zabibu karibu yote imeshaliwa na hamira ikawa kileo. Unachoona ni chumvi ya asidi ya tatariki, asidi ambayo zabibu inatoka nayo shambani, ikikutana na potasiamu ya zabibu hiyohiyo na baridi ya friji ikazidi, basi vinashikana vinazama. Chumvi hiyohiyo ikishasafishwa waokaji wanaumulia keki, ndo "kemikali" yenyewe hiyo. Ukiwa na wasiwasi chukua chembe moja tia kwenye maji ya moto sana, ikiyeyuka ni hiyo, ikibaki ngumu vilevile basi huenda ni kioo na hapo kweli usinywe.

Viwanda vingi vinaipoza waini mpaka chini ya sifuri siku kadhaa kabla ya kujaza chupa, ili chembe zibaki kwenye tangi, na sababu kubwa ni wateja kuogopa tu. Asiyefanya hivyo hajakosea kitu. Kinachoniudhi ni kwamba watu wanamwaga waini nzima halafu wanakunywa iliyokufa kisa inaonekana safi machoni!

Na Muscadet ina sababu ya kuwa na asidi. Inatoka magharibi ya Ufaransa, pembeni ya Nantes, pale mto Loire unapokaribia Atlantiki, kwa zabibu ya Melon de Bourgogne iliyoenea sana huko baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu, maana yenyewe inavumilia baridi. Ukiona chupa imeandikwa sur lie ujue waini imelala juu ya hamira yake iliyokufa kipindi chote cha baridi, haijazwi kwenye chupa kabla ya tarehe 1 Machi, ndo maana ulimi unasikia kautamu ka mkate na wakati mwingine gesi kidogo. Sasa ukiichuja na kitambaa unaipigisha hewa mpaka gesi inaondoka na ladha inafifia, na ukiipasha moto umeua harufu.

Chakula: chaza mbichi kwanza, kome wa kuchemsha, au samaki na sosi ya siagi ya Nantes, beurre blanc, asidi inakata mafuta na chumvi ya bahari inaituliza asidi. Vitu vitamu hapana, vitaifanya ionekane kali bure. Iwe nyuzi 8 hadi 10, simamisha chupa saa kadhaa, mimina polepole, tone la mwisho liache.

Hawahawa wajuaji ndo wanauza matone ya kuondoa salfaiti, yaani vihifadhi vinavyotiwa kwenye waini na matunda makavu, eti zinaumiza kichwa, wakati Ulaya waini nyeupe kavu ya kawaida mwisho ni miligramu 200 kwa lita na aprikoti kavu zinaruhusiwa hadi 2,000 kwa kilo, na sijaona mtu akitia matone kwenye aprikoti. Usinunue kitu cha kutia ndani ya waini, chochote kile. Waini iliyoharibika kweli utaijua kwa harufu ya siki au ya boksi lililoloa, au rangi imegeuka kahawia na ladha imezimika, hiyo ndo ya kurudisha dukani, na usiimalize kwanza, peleka chupa ikiwa bado na waini ndani muuzaji aonje mwenyewe.